Kabla ya Sindano, Uliza Nani Aliingia Bandani

Mfugaji wa nguruwe akimpigia simu daktari wa mifugo, swali lake la kwanza karibu kila mara ni la dawa. "Daktari, nguruwe wangu hawali tangu jana, niwachome nini?" Ni swali la mtu mwenye hofu na lina haki yake, ila yapo matatu yanayopaswa kulitangulia. Wanaoumwa ni wangapi? Wana umri gani? Na katika wiki tatu zilizopita, ni nani au ni kitu gani kiliingia bandani kutoka nje? Majibu ya hayo matatu hupunguza orodha ndefu ya magonjwa hadi mawili au matatu kabla mtaalamu hajafika. Wafugaji wengi hujibu lile la kwanza na la pili bila shida. Wanapokwama ni kwenye la tatu, na ndilo lenye uzito kuliko yote.

Naandika nikiwa na Olasiti akilini. Kata hii iko magharibi ya Jiji la Arusha, upande wa Kisongo na uwanja wa ndege. Nyumba zinaongezeka kila mwaka, na nyuma ya nyingi kuna banda la mbao au matofali lenye nguruwe watatu, sita, kumi. Sababu zinaeleweka. Kitimoto inauzika mjini siku zote za wiki. Jike hubeba mimba kwa miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, hivyo akitunzwa vizuri huzaa mara mbili kwa mwaka. Chakula nacho hakiko mbali: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, machicha ya kiwanda cha bia, na makombo ya hoteli zinazohudumia watalii.

Urahisi huohuo una upande wake wa pili. Barabara itokayo Babati na Makuyuni huingia Arusha kupitia Kisongo, kwa hiyo gari linaloleta nguruwe wa Manyara kwenye soko la jiji hupita jirani kabisa na Olasiti. Makombo hutoka jikoni ambako hakuna anayejua nyama ilichinjwa wapi. Dume la kupandishia huzunguka mtaa kwa mtaa. Mnunuzi hutembelea mabanda matano kwa asubuhi moja. Banda la Olasiti linaonekana kuwa la mtu mmoja, lakini kiafya limeungana na mabanda ya nusu ya kaskazini.

Homa isiyo na dawa

Homa ya nguruwe ya Afrika ni ugonjwa wa hapa kwetu. Aliyeuandika kwa mara ya kwanza kitaalamu ni R. Eustace Montgomery, daktari wa mifugo nchini Kenya enzi za ukoloni, katika makala ya mwaka 1921. Nguruwe walioletwa na walowezi walikuwa wakifa karibu wote, ilhali ngiri waliozunguka mashamba yaleyale walibaki wazima. Virusi hivi vimeishi na ngiri na papasi kwa muda mrefu mno hivi kwamba ngiri havimwangushi. Papasi hujificha kwenye mashimo ya ngiri, hunyonya damu ya watoto wake, hukaa na virusi mwilini kwa miaka, kisha huweza kumpa nguruwe wa kufugwa wakikutana naye.

Mfugaji wa Olasiti akisikia habari za ngiri, hugeuza macho upande wa Monduli na Tarangire na kufarijika kwamba ngiri hawafiki kwake. Faraja hiyo haina msingi. Mwishoni mwa 2010 homa ililipuka Kyela, mkoani Mbeya, na mwaka 2011 ilikuwa imefika Dar es Salaam. Gerald Misinzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake walichunguza virusi vya milipuko hiyo, wakakuta ni vya kundi namba II, ndugu wa vile vya Msumbiji na Madagaska, na vya ule uzao ulioingia Georgia mwaka 2007, ukasambaa Ulaya ya mashariki na kufika China mwaka 2018. Kati ya Kyela na Dar es Salaam kuna zaidi ya kilomita 800 za barabara. Ngiri hatembei umbali huo wala papasi hakati tiketi. Waliosafiri ni nguruwe hai na nyama yao.

Kilimanjaro na Arusha zilipopigwa mwaka 2013, uchunguzi ulionyesha virusi vya kundi jingine, namba X, linalojulikana Afrika Mashariki tangu zamani. Kwa hiyo kaskazini haikuletewa tu moto wa kusini. Nchi hii ina zaidi ya chanzo kimoja cha homa hii, na kuziba kimoja hakutoshi. Lakini virusi vikishaingia katika nguruwe wa kufugwa, kundi II na kundi X hupita njia zilezile: mnyama mgonjwa, nyama, damu, vyombo na viatu.

Kutoka kuambukizwa hadi kuonyesha dalili huchukua siku 4 hadi 19. Joto la kawaida la nguruwe ni kama nyuzi 39. Homa hii hulipandisha hadi 41 au 42. Mnyama huacha kula, hujikunyata na wenzake kana kwamba kuna baridi, hupumua kwa shida, hutapika, na wengine huharisha damu. Masikio, tumbo na miguu hubadilika rangi na kuwa nyekundu, kisha zambarau. Majike wenye mimba huitupa. Jambo linalowadanganya wengi ni mwendo wake: huanza na mmoja, wengine wakiwa wazima kabisa, banda likatulia siku kadhaa, kisha wakaanza kuanguka wawili wawili. Zile siku za utulivu ndizo mfugaji anazotumia kuamini kwamba sindano ya OTC, yaani antibayotiki ya oksitetrasaiklini, imefanya kazi.

OTC haiui virusi, na hakuna antibayotiki inayoviua. Vietnam imeidhinisha chanjo, lakini imetengenezwa kutokana na virusi vya kundi II, na kinga ya kundi moja haitegemewi kumlinda nguruwe dhidi ya kundi jingine. Mfugaji wa Arusha leo hana chanjo wala tiba ya kuegemea. Homa hii haimwambukizi binadamu hata kidogo, na habari hiyo njema ndiyo inayoifanya isambae: nyama ya nguruwe mgonjwa haimdhuru mlaji, basi watu huona hakuna ubaya kuichinja na kuiuza.

Biashara ya hofu

Nguruwe wa kwanza akifa, hesabu ya mwenye banda hubadilika usiku huohuo. Jana alikuwa na mtaji unaokua. Leo ana mtaji unaoweza kuoza. Anampigia mnunuzi. Alfajiri toyo inasimama mlangoni. Mnunuzi anaingia na buti alizovaa jana kwenye banda la kata ya Muriet. Mkononi ana kamba ya katani iliyokakamaa, nyuzi zake zimeshikamana kwa damu kavu. Anamkamata nguruwe kwa mguu wa nyuma, anamfunga, wawili wanambeba hadi kwenye toyo na kumlaza juu ya magunia yaliyombeba mwingine. Anateremka tena kuwaangalia waliobaki, anawapapasa mgongo kukadiria kilo, anatoa bei ya chini kwa sababu anajua kwa nini ameitwa. Kisha anaondoka kwenda banda linalofuata, ambako nguruwe ni wazima na bei ni ya kweli.

Katika safari hiyo moja virusi vimepata njia nne: buti, kamba, magunia na mnyama mwenyewe. Huko anakochinjiwa inaongezeka ya tano, kwani hakuna sehemu ya mwili wa nguruwe huyu yenye virusi vingi kama damu. Damu ikimwagika uani na kusombwa na maji ya mfereji, mbwa akiburuta utumbo hadi kwa jirani, mabaki ya nyama yakirudi kwenye ndoo ya makombo, mlipuko umeshapewa mtaa mzima. Nyama mbichi iliyogandishwa huhifadhi virusi hai kwa miezi mingi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa humuumbua na jirani ambaye hakuficha chochote.

Simhukumu anayeuza. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mifugo atoe taarifa anaposhuku ugonjwa wa aina hii, na serikali ina mamlaka ya kufunga usafirishaji. Lakini tazama mizani yake. Akitoa taarifa, eneo huwekewa karantini na nguruwe wake hawauziki. Akinyamaza na kuuza haraka, anaokoa angalau ada ya shule. Tumejenga utaratibu ambamo mkweli hulipa gharama siku hiyohiyo na mficha hupata pesa mkononi. Kumtishia faini mtu wa namna hiyo hakujawahi kuzuia mlipuko. Kinachoweza kuuzuia ni kumpunguzia sababu za kuficha, na nitalirudia hilo mwishoni.

Si kila wekundu ni homa

Upo upande wa pili wa hofu hii: mfugaji anayeona sikio jekundu na kuuza nguruwe ambaye hakuwa na homa ya nguruwe hata kidogo. Nimeona hasara hii mara nyingi, na ndiyo sababu ya lile swali la wangapi na wa umri gani.

La kwanza ni jua. Damu ya Large White na Landrace imetawala mabanda ya mjini, nao wana ngozi nyeupe. Januari na Februari, banda lisilo na kivuli cha kutosha humwacha nguruwe akiwa mwekundu mgongoni na juu ya masikio, ngozi ikiuma akiguswa. Huyu hula. Joto lake likipimwa asubuhi kabla ya jua kuchomoza huwa la kawaida. Wekundu wa jua hukaa juu, mahali jua linapofika. Wekundu wa homa hupendelea ncha za masikio, tumbo na sehemu ya chini ya miguu.

La pili ni ugonjwa wa bakteria unaoitwa erisipela. Nguruwe hupata homa kali ghafla, huchechemea, na mwilini hutokea mabaka yaliyoinuka yenye pembe nne, ambayo kiganja huyahisi kabla jicho halijayaona vizuri kwa nguruwe mweusi. Huwapata zaidi wanaokua na wakubwa. Penisilini huutibu, na mara nyingi mnyama huonyesha nafuu ndani ya siku moja au mbili, ingawa dozi lazima imalizwe. Huu unamwambukiza binadamu kupitia mkwaruzo mkononi, kwa hiyo mchinjaji na anayemhudumia mgonjwa wavae glavu.

La tatu huitwa sumu ya chumvi, lakini chanzo chake halisi ni kiu. Mfugaji huchanganya dagaa wenye chumvi au makombo yenye chumvi nyingi, maji yanakatika siku mbili, na nguruwe wanaanza kutembea kama vipofu. Wanabandika kichwa ukutani, wanakaa kitako kama mbwa, wanarudi kinyumenyume, wanaanguka na kutetemeka. Ikiwakumba wengi kwa wakati mmoja, mtaa mzima husema wamelogwa au wametiliwa sumu. Dawa yake ni maji, ila kwa vipimo vidogo vya mara kwa mara. Kuwafungulia pipa wakanywa watakavyo huvimbisha ubongo na kuwaua waliokuwa wapone. Jike anayenyonyesha anahitaji lita 20 au zaidi kwa siku, na chumvi katika chakula isizidi nusu asilimia. Anayefuga mjini bila akiba ya maji ya siku tatu anacheza kamari.

Kipimajoto cha kidijitali cha duka la dawa kinatosha kutenganisha mengi ya haya. Ni kifaa cha bei ndogo, na bado mabanda mengi yana chupa tatu za antibayotiki na hayana kipimajoto.

Hasara isiyopigiwa simu

Katika miaka ambayo homa haikugonga, fedha nyingi za mfugaji hupotea bila kelele kwenye wiki ya kwanza ya maisha ya watoto. Popote nguruwe wanapofugwa, vifo vingi vya kabla ya kuachishwa ziwa hutokea siku tatu nne za mwanzo, na sababu kubwa ni kulaliwa na mama, baridi na njaa. Zote tatu zimeshikana. Mtoto aliyezaliwa anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 34. Mama yake anastarehe kwenye 20. Usiku wa Juni na Julai Arusha, mtoto asiye na kona yake yenye joto hujisogeza kwenye mwili wa mama, na mama akigeuka anamlalia. Bomba au mti uliofungwa sentimita 20 hadi 25 kutoka ukutani na sakafuni humpa mtoto mahali pa kupenya. Sanduku lenye majani makavu na balbu humpa sababu ya kutolala chini ya mama. Jiko la mkaa kwenye banda lililofungwa lisithubutu kuingia, kwa kuwa moshi wake usioonekana huua watoto, mama, na kijana anayelala humo kuwaangalia.

Kisha kuna chuma. Mtoto wa nguruwe huzaliwa na akiba ya miligramu 50 hivi za madini ya chuma. Mwili wake unaokua kwa kasi unadai miligramu 7 au zaidi kila siku, na maziwa ya mama yanampa kama 1. Akiba hiyo haifikishi siku kumi. Nguruwe wa porini hufidia kwa kufukua udongo. Wa Olasiti anazaliwa kwenye saruji. Wiki ya pili au ya tatu wanapauka, masikio ukiyaangalia kwenye mwanga yamekuwa meupe, wanahema wakikimbia, na yule mkubwa mwenye afya ndiye hufa ghafla kwa kuwa ndiye aliyekua haraka kuliko damu yake. Sindano moja ya miligramu 200 za chuma siku ya tatu humaliza shida. Hakuna sindano katika ufugaji huu inayolipa kuliko hiyo, nayo ndiyo inayosahaulika, kwa sababu hutolewa kwa mnyama anayeonekana mzima.

Kuharisha nako kusomwe kwa kalenda. Siku nne za mwanzo, kuharisha maji kwa kawaida ni bakteria wa uchafu, na humpata zaidi mtoto ambaye hakupata maziwa ya kwanza ya mama ndani ya saa chache baada ya kuzaliwa. Siku ya saba hadi ya kumi na nne, choo cha njano kama uji mzito kisichosikia antibayotiki yoyote huelekea kuwa koksidia, na hiyo ina dawa yake tofauti. Wiki inayofuata kuachishwa ziwa, bakteria wanarudi, safari hii wakichochewa na chakula kilichobadilishwa ghafla. Mfugaji asiyetazama kalenda huwapa wote OTC, hata wale wa koksidia ambao haiwafai kitu, na kila mara akiwafundisha bakteria wa bandani namna ya kuishi na dawa.

Hapo niongeze onyo kwa wanaouza. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuchinja, na zimeandikwa kwenye lebo. Kwa OTC ya muda mrefu zinaweza kufika wiki nne. Nguruwe aliyechomwa Jumatatu akaliwa Jumamosi amempa mlaji dawa ambayo hakuandikiwa na daktari.

Minyoo na ukurutu sitavikalia sana. Ukiona maini yenye madoa meupe machinjioni, banda lina minyoo, na mayai yake hudumu kwenye udongo na nyufa kwa miaka, hivyo dawa bila kusafisha sakafu ni kazi ya kurudiarudia. Nguruwe anayejikuna mpaka ngozi ikawa nene nyuma ya masikio na kwapani ana ukurutu. Ivermektini huwamaliza wadudu hao ikirudiwa baada ya siku 14, na kwa mabanda mengi huondoa na minyoo.

Tegu na barabara ya Babati

Ugonjwa wa nguruwe unaopaswa kumtia wasiwasi hata asiyefuga ni tegu. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Helena Ngowi kuhusu nguruwe wa Wilaya ya Mbulu. Kwa kupima ulimi tu, asilimia 17.4 ya nguruwe walikutwa na vifuko vya tegu. Kipimo hicho hukosa wengi wenye vifuko vichache, kwa hiyo hali halisi ilikuwa mbaya zaidi. Mbulu wakati huo ilikuwa imetoka tu kuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha, Manyara ilipomegwa mwaka 2002, na njia yake ya soko haikubadilika kwa mstari wa ramani.

Mzunguko wake unatugusa wote. Mtu anakula nyama isiyoiva yenye vifuko, na mnyoo wa tegu unakua tumboni mwake bila kumsumbua sana. Mayai yanatoka na choo chake. Nguruwe akila choo hicho, au majani yaliyochafuliwa nacho, vifuko vinajijenga katika misuli yake. Hatari kubwa ni pale mayai yenyewe yanapoingia kinywani mwa binadamu kwa mikono michafu, kwa kuwa vifuko sasa hujijenga ndani ya mtu, hata kwenye ubongo, na kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo yenye tegu, karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wamekipata kwa njia hii. Ona vizuri: anayepata kifafa si lazima awe amewahi kula kitimoto. Inatosha kula chakula kilichoandaliwa na mwenye mnyoo asiyenawa.

Upimaji wa ulimi haudai maabara. Kamba hupitishwa kwenye taya la juu, nyuma ya meno chonge, na kufungwa kwenye nguzo. Msaidizi huingiza kipande cha mti kati ya magego. Ulimi unateleza, kwa hiyo unashikwa kwa kitambaa na kuvutwa nje, kisha vidole vinapita taratibu upande wa chini kuanzia mzizi hadi ncha. Kinachotafutwa ni uvimbe wa mviringo, mdogo kama punje ya hindi, laini, wenye maji na kitone cheupe ndani. Wanunuzi wazoefu wanaujua upimaji huu na hukataa mnyama mwenye vifuko. Tatizo ni kwamba mnyama aliyekataliwa hapotei. Huchinjwa kimya kimya uani na kuliwa bila mkaguzi kuiona nyama.

Kwa nguruwe aliyefungiwa bandani Olasiti, hatari huja kwa mikono na majani. Kijana anayelisha mifugo akiwa na mnyoo, na shamba halina choo cha yeye kutumia, nguruwe wanaweza kupata vifuko. Kwa hiyo choo cha mfanyakazi, sabuni, na dawa ya minyoo kwa mfanyakazi huyo vihesabiwe kama gharama za afya ya nguruwe. Majani yasikatwe kwenye korongo ambalo watu hujisaidia. Jikoni, nyama iive mpaka katikati, isibaki na rangi ya waridi.

Mwenye nguruwe ndiye mwenye lango

Ukichambua yote niliyoyataja, utaona kwamba yale yenye dawa huamuliwa na umri na usafi, na yale yasiyo na dawa huamuliwa na nani alivuka kizingiti. Ndiyo maana nasema shilingi ya kwanza ya afya ya nguruwe iwekwe langoni.

Hapa nazungumzia kufuli, na jozi ya buti zisizotoka bandani. Buti zisuguliwe tope na kinyesi kwanza, ndipo zichovywe kwenye dawa ya klorini, kwa sababu klorini inayokutana na kinyesi huishia hapo. Makombo yachemke saa nzima yakikorogwa, na yenye nyama ya nguruwe yakataliwe kabisa. Nguruwe mpya akae banda la pembeni siku 30, ahudumiwe wa mwisho. Dume linalozunguka mtaa libadilishwe kwa dume la kikundi cha wafugaji wachache wanaojuana, ambalo halitoki nje ya kikundi hicho, au kwa uhimilishaji unapopatikana.

Akifa nguruwe bila sababu inayojulikana, asipasuliwe uani. Kumfungua ni kumwaga virusi. Mwite mtaalamu wa mifugo wa kata, naye atachukua sampuli kwa usalama na kuipeleka kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kilichopo hapahapa Arusha. Mzoga uzikwe kirefu pamoja na chokaa, mbali na korongo na kisima.

Hayo ni ya mtu mmoja. Yapo ya kata nzima, na hapa narudi kwa yule mfugaji anayeuza kwa hofu. Wafugaji wa Olasiti wanaweza kufanya mawili bila kusubiri bajeti ya mtu. Wanaweza kuwa na mfuko mdogo wa kikundi, ambao mwanachama anayetoa taarifa mapema na kukaa bila kuuza hulipwa sehemu ya hasara yake. Kiasi hicho hakitalingana na mtaji wake, lakini kitatosha kumfanya asimpigie mnunuzi usiku. Na wanaweza kukubaliana kanuni moja ya mauzo: hakuna mnunuzi anayevuka lango. Mwenye nguruwe humtoa mnyama wake mwenyewe, kwa kamba yake mwenyewe, hadi barabarani, ndipo apimwe na kulipiwa. Ofisi ya mifugo ya jiji nayo ifanye sehemu yake kwa kuwasajili wanunuzi na kuwataka waoshe vyombo vyao kati ya banda na banda. Wanunuzi wapo wachache kuliko wafugaji, na kuwafuatilia ni rahisi kuliko kukagua kila ua.

Wanunuzi watalalamika wiki ya kwanza, na wengine watatisha kwenda kununua Kisongo. Waache waende. Kisongo wakikubaliana kanuni hiyohiyo, na Muriet na Terrat nazo zikafuata, hakutakuwa na banda la kuingia kwa buti chafu, na kitimoto itaendelea kuuzika Arusha kama kawaida.